Akida Rehani na Jina Linaloitwa Mara Tatu

Leo, tarehe 30 Juni 1913, Akida Rehani bin Stambuli anastaafu baada ya kulitumikia boma la Morogoro kwa miaka kumi na tisa. Aliingia kazini akiwa mkalimani mwembamba mwenye kanzu ya kuazima. Anaondoka na kitambi, wajukuu saba na kanzu nne za kwake mwenyewe. Mimi, Yunusi, karani wake kwa miaka minane, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma mbele yenu kwa sababu wenzangu wote wameikataa.

Kazi ya Mzee Rehani ilikuwa kukaa katikati. Mbele yake alikuwa Bwana Mkubwa, Mdachi. Nyuma yake majumbe wa Uluguru. Ubavuni mafundi wa Kigiriki wa reli, wenye maduka wa Kihindi na askari wa Kisudani, kila mmoja akidai haki yake kwa lugha yake. Aliwasikiliza wote hadi mwisho, kisha akatafsiri nusu. Ile nusu nyingine, ya matusi, alibaki nayo. Alikuwa akisema mataifa hayagombani kwa kutoelewana, yanagombana kwa kuelewana mno. Nami baada ya miaka minane ya kumtazama, nimeamini.

Sifa yake kubwa ilipatikana mwaka 1906, kwenye ujenzi wa barabara ya Mkuyuni. Maji Maji ilikuwa bado mbichi, na bomani watu walilala na viatu miguuni. Asubuhi moja ukungu ulishuka mlimani hata hatukuonana. Mzee Rehani aliita majina ya wafanyakazi sitini, na hakuna aliyeitika. Tuliwasikia wakipumua tu. Bwana Mkubwa alidhani ni uasi, akaamuru askari wajaze bunduki.

Mzee, mzaliwa wa Bigwa, alijua kosa lilipo. Huko mlimani, mtu akiitwa na asiyemwona haitikii mara ya kwanza, wala ya pili. Aliye hai huita mara tatu. Waliotangulia huita mara moja tu, na anayewaitikia huwafuata. Basi alisimama kati ya bunduki na ukungu, akamweleza Bwana Mkubwa kwamba kimya cha watu hawa ni tahadhari, si ukaidi. Kisha akaita kila jina mara tatu, na labeka zikaanza kuja, moja moja. Tangu siku hiyo boma letu huita mara tatu, na hapana aliyechapwa tena kwa kunyamaza.

Mwaka 1909, palepale Mkuyuni, katika ukungu, aliita jina la mfanyakazi mmoja, Dominiko wa Matombo. Labeka ilikuja mara ya kwanza, karibu kabisa, upande wangu wa kulia. Nikaweka alama. Veronika, mke wa Dominiko, ndiyo kwanza alikuwa amefika kutuarifu kwamba amemzika mumewe juzi. Aliisikia sauti ile, akakaa chini. Nilitaka kuifuta ile alama.

"Acha, Yunusi," Mzee aliniambia. "Kaja kazini. Tusiandike kwamba hakuja."

Haki hiyo aliyowapatia watu, yeye mwenyewe hakuipata. Akida akiitwa na Bwana Mkubwa hana ruhusa ya kungoja mara ya tatu. Kwa miaka kumi na tisa ameitika mara ya kwanza, awe anakula, awe anaoga. Mkewe, Bi Shamsia, anasema huitika hata usingizini. Tulimtania sana kwa hilo, na sasa najuta.

Alhamisi iliyopita tulikwenda Mkuyuni kuita majina kwa mara yake ya mwisho. Wote waliitika. Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari pale sauti ilipotoka kwenye ukungu: "Rehani!" Mara moja. Haikusema Akida, haikusema Mzee. Bwana Mkubwa alikuwa Daressalaam. Nilinyoosha mkono nimzibe mdomo, nikachelewa.

"Labeka," alisema.

Tukangoja aitwe tena. Hakuitwa. Mzee alicheka kidogo, akatuambia tufunge mizigo. Njia nzima hadi Morogoro alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Naogopa, wala sioni haya kulisema mbele yenu. Kwa hiyo sisi wa bomani tumekaa, tukaafikiana kwamba aliyeita ni Alois, msimamizi wa barabara. Alois mwenyewe amekubali, na yuko tayari kuapa mbele ya padri wake, ingawa Alhamisi hiyo alikuwa Dumila.

Mzee wetu, shikamoo. Ahsante kwa kila mgongo uliouepusha na kiboko. Nenda Bigwa ukapalilie migomba yako, ucheze na wajukuu. Tunakutakia maisha mema, tena marefu. Na Alois anakuomba radhi kwa kukuita jina tupu.