Cyprien Lotika na Ng'ombe wa Dahomé

Wandugu, majirani wa Lubunga, wakwe mliovuka mto kuja kulia nasi, familia inawasomea maisha ya papa yetu Cyprien Lotika, na itayasoma jinsi yalivyokuwa, bila kuyapaka mafuta.

Papa Cyprien alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mvuvi Sébastien Lotika na mama Aurélie, akaanza shule ya msingi kwa wamisionari mwaka 1958, akaiacha mwaka 1964 vita vilipofunga milango yake, na tangu hapo hakuketi tena kwenye benchi la darasa.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuchunga kwenye shamba moja la michikichi, ng'ambo ya kushoto ya mto, ndiko alikokabidhiwa ng'ombe ambao wazee wa huku waliwaita dahomé, weusi, wadogo, miguu mifupi, walioletwa kwa meli zamani za wakoloni, mbung'o anawauma na hawaanguki, wanakula majani ambayo ng'ombe wengine wanayaacha. Watu walimcheka, eti anachunga mbuzi waliovimba, naye akawajibu kwamba mbuzi hao watawazika ng'ombe wote wakubwa wa Ituri. Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa Isangi na mama Simone Bolaya, wakazaa Lionel, Sandrine, Chancelle na marehemu Hugues, na shamba lilipokufa mwaka 1991, wenyewe wakaondoka wakimwachia dume mmoja na majike sita, aliowaswaga kwa miguu mpaka hapa Lubunga.

Tarehe 3 Juni 2021 mama Simone alifariki. Bon, hapa familia haitazunguka. Kwa desturi yetu aliyefiwa na mke anaketi kwenye mkeka kando ya sanduku, hasimami, hasemi neno, mpaka mazishi yaishe, na wazee wa familia, kwa kuogopa wakwe wasije wakasema matanga ni ya njaa, waliingia zizini kutafuta nyama wakamfunga kamba dume pekee wa mbegu, mzao wa yule wa kwanza, kwa kuwa ndiye mnene. "Huyu mufupi tutamurudishia mukubwa, Cyprien hatakasirika," alisema mmoja wao, na papa pale mkekani alisikia kila kitu, akamsikia dume akilia, wala hakusimama. Madume wachanga wote alikuwa amewahasi, kama mchungaji anavyofanya ili abakize mmoja aliye bora, na majike hawakuwa na mimba. Uzao wa dahomé uliishia kwenye sufuria za siku ile.

Dume mkubwa wa Ituri aliletwa kweli, Desemba 2021, watu wakaja kumpigia makofi, na kabla ya Pasaka mbung'o walikuwa wamemmaliza.

Alors papa akaanza kutafuta, kwa pirogi mtoni, Yanonge, Isangi, Yangambi, akiuliza nani amebakiza dume wa dahomé, mpaka vijana wa bandarini wakamuuliza, "Dahomé ni pombe gani, tonton?", akacheka nao, akarudi nyumbani, akashinda bila kula. Majike wakazeeka wakimngojea dume.

Novemba 2024 alirudi kutoka Isangi amepigwa na mvua njiani, mapafu yakamshika, akalazwa hospitali, na kila aliyeingia chumbani aliulizwa kama kuna habari ya dume. Sandrine, kwa huruma, alimwambia amepatikana Yangambi, papa akasema, "Mama, mimi usinidanganye," kisha akageukia ukuta. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokata majani ya ng'ombe wakati alipolala hospitalini, na wachungaji wenzake waliobeba sanduku. Wazee wa familia nao wako hapa mbele, tunawasalimu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, na majike wawili wazee ambao hawatazaa tena, na hao wakifa, jina la dahomé halitakuwa na mnyama wa kuliitikia huku kwetu.

Papa Cyprien, dume hakupatikana. Pumzika tu, kwa amani.