Dereva wa Lori la Nyuma: Maisha ya Marehemu Elkana Ziro

Zamani msafara wa jeshi ulipotoka, nyuma kabisa lilikwenda lori la kuvuta ili asiachwe mtu njiani. Siku hizi kila mmoja anakanyaga mafuta, na aliyekwama shauri yake. Elkana Ziro, tunayemzika leo, alikuwa dereva wa lori hilo la nyuma.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1951 huko Bamba, mwana wa tatu wa Mzee Ziro na Mama Kadzo. Wazazi walihamia Kisauni kutafuta kibarua, naye akaanza shule akiwa mkubwa kuliko wenzake, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Karo ya kuendelea haikuwapo. Akaingia gereji ya Mzee Awadh, na huko akafundishwa kuisikiliza injini kabla ya kuigusa. Mafundi wa leo hutoa kitu kizima wakaweka kingine. Yeye alitengeneza.

Alijiunga na jeshi Machi 1972. Magari aliyajua yote: malori ya kubebea askari, ya maji, na yale ya deraya yenye ngozi ya chuma na bunduki juu. Lakini alilolipenda ni la kuvuta, lori zito lenye winchi na waya wa chuma, ambalo wengine walilikwepa kwa kuwa lilikula vumbi la wote. Alilishika mpaka akafika cheo cha sajini. Sheria aliyojiwekea ilikuwa moja: dereva wa nyuma haingii kambini mpaka wote wameingia.

Mkewe Mwikali alimpata kwa lori hilo hilo. Aprili 1984 lori la machungwa ambalo Mwikali alikuja nalo kutoka Ukambani lilizama katika matope ya soko la Kongowea, na wachukuzi wamesimama wakicheka. Elkana akashuka, akafunga waya, akalitoa.

"Afande, umevuta machungwa tu, ama na mimi nimo?" Mwikali akamuuliza.

"Wewe mama waya huu haukuwezi. Itabidi nije kwa miguu."

Akaenda kweli, na mahari mkononi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba mwaka huo.

Yanayofuata hayamo katika barua yake ya kuachishwa kazi, kwa hiyo yatasomwa hapa. Novemba 1991 msafara ulikuwa ukirudi kutoka mpakani kwenye mvua kubwa. Luteni Lenox, aliyekuwa akila sahani moja na Elkana, alichepuka na gari lake la deraya kutafuta njia ya mkato, akakwama ndani ya mto uliokuwa mkavu asubuhi. Amri ilikuwa hakuna gari kuacha barabara, maji yanakuja. Ndipo redio ikalia: "Elkana, ndugu yangu, usiniache hapa."

Faki wa Likoni, msaidizi wake, alikuwa kando yake. "Ukigeuza, Sajini, cheo chako kimekwenda," akamwambia.

"Nikimwacha, lori hili ni la nini?"

Deraya ilitoka, na wote waliokuwamo wakatoka hai. Lori la kuvuta likachukuliwa na maji. Ulipofanywa uchunguzi, Lenox alisema hakumwita mtu, kwamba Elkana alikwenda kwa kiherehere chake. Faki hakuitwa kutoa ushahidi. Elkana akavuliwa cheo, akarudishwa nyumbani Juni 1992. Lenox akapanda mpaka ukanali.

Elkana alitengeneza malori ya wenye vitunguu Kongowea mpaka macho yalipokuwa mazito. Kila Idd, Faki alivuka feri na sahani ya biriani, na kila Idd alitaka waende pamoja kwa Lenox, ambaye siku hizi anakaa Nyali, si mbali na hapa Bombolulu. Jibu halikubadilika: "Mwache, Faki. Atakuja mwenyewe aseme."

Figo zilimshika mwaka 2021, akawa mtu wa kusafishwa damu. Mwikali akapeleka habari Nyali. "Mwambie nitapita," Lenox akajibu. Shati la kumpokelea mgeni likapigwa pasi, likatundikwa mlangoni. Ndilo alilovalishwa leo. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024.

Jana Kanali Lenox alileta shada la maua, akaomba nafasi ya kusema machache. Nafasi haikupatikana. Machache hayo yalikuwa na mtu wa kuyasikia, na mtu huyo alingoja.

Marehemu ameacha mjane, Mwikali, binti, Emmaculate, wajukuu wanne, dada yake, Sidi, na Faki, tunayemhesabu ndugu wa tumbo moja.

Mara ya mwisho alipokutana na magari ya jeshi ilikuwa Novemba iliyopita, kando ya barabara ya Malindi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la Emmaculate, akasikia ngurumo kabla ya mtu mwingine yeyote, akataka ashikwe mkono asimame. Deraya mpya zikapita, za rangi ya mchanga, moja nyuma ya nyingine, naye amenyoosha mgongo na mkono uko kwenye paji la uso. Kisha zikaja bodaboda, na lori la vitunguu.

"Yamekwisha, Baba Emma," Mwikali akamwambia. "Kaa basi."

"Bado. La kuvuta halijapita."

Wakasimama pale mpaka miguu yake ikatetemeka. Halikupita, na kukaa alikataa.

Bwana amkalishe.