Afande Kalista na Kwaya ya Dirisha la Dawa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, muuguzi wetu Afande Kalista Kipeta anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi wa zahanati ya gereza hatujui tucheke au tulie, ila tumeamua kushangilia kwanza!

Alianza kazi enzi ambazo mraibu wa heroini akifungwa aliachwa apambane peke yake na arosto, yale mateso ya kukosa unga. Mfungwa mmoja, Vicent, alipoletwa, akitetemeka, akitapika na kujikunja sakafuni, baadhi ya askari walinong'ona kwamba karogwa. Sumbawanga na sifa zetu! Kalista aliwacheka, akawaeleza kwamba huo ni mwili unaodai unga uliouzoea, na dawa yake ipo, methadoni. Akamfuata mkuu wa gereza ofisini mpaka mzee wa watu akasalimu amri. Dawa ikaanza kuletwa kila asubuhi kutoka kliniki ya mjini, na haukupita muda Vicent alikuwa anamaliza ugali wake na kuutazama wa jirani.

Dawa hiyo hunywewa dirishani mbele ya muuguzi, kisha mgonjwa huongea ili ijulikane ameimeza. Siku moja Vicent aliibana shavuni, shikamoo ikamtokea puani. Tangu hapo Kalista akaamuru kila anayekunywa aimbe. Ndivyo ilivyozaliwa kwaya yetu, ile iliyomnyanyua hata mgeni rasmi kitini kwenye sherehe ya gereza.

Kilichomtia hofu ni geti. Mtu akitoka bila dawa ya kesho hurudia unga, na mwili uliokwisha kuuacha hauhimili tena kipimo cha zamani. Tulimzika Yonas, sauti yetu ya besi, wiki ileile aliyoachiwa huru. Kalista alilia mbele yetu sote. Vicent alipomaliza kifungo, Kalista alimsindikiza mwenyewe kwa miguu hadi kliniki, upepo wa Ufipa ukiwachapa usoni. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wake aliyetoka getini peke yake.

Sasa nani atawasindikiza? Tuliumiza vichwa, hadi juzi Vicent, leo fundi cherehani wa Majengo, alipokuja amevaa suti aliyojishonea. Alimwambia mkuu anaomba kazi hiyo ya mama Kalista, na mshahara hataki. Amekubaliwa! Jumatatu atamsindikiza Amos, mgonjwa wetu anayemaliza kifungo.

Afande Kalista, asante sana, mama yetu. Nenda kijijini kwako Kaoze ukale wali wa shamba lako kwa afya na furaha. Jumatatu lala mpaka jua lipande. Getini kuna mtu.