Jumatatu 1,343 za Mama Futi

Baada ya miaka 26 ya kujitolea, Mama Futi, mpimaji wa kijito chetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Kwa wiki 52 kila mwaka, hizo ni Jumatatu 1,352. Amekosa tisa: sita kwa malaria, mbili kwa harusi za wanawe, moja kwa maziko ya mumewe. Zinabaki 1,343. Orodha ya kikundi chetu cha kutunza kijito ina majina 64. Wanaofika siku ya kazi ni 11. Kila msomaji ajijue yuko upande gani.

Kwa kazi ni fundi cherehani. Kila Jumatatu, kabla ya kufungua kibanda, alishuka hadi kwenye jiwe bapa chini ya chemchemi, akapima upana wa maji kwa futi yake ya kushonea, kama anavyompima mteja. Akipanda alitutangazia kiuno cha bwana mkubwa, yaani kijito, kimefika wapi. Kiangazi cha kwanza kiuno kilikuwa sentimita 212. Futi yake ina 150 tu, kwa hiyo ilimbidi achomeke kijiti katikati ya maji na kuihamisha. Alinung'unika kwamba mteja mnene namna hii anamlowesha gauni. Hatukujua kwamba manung'uniko yale yalikuwa neema.

Mwaka wa nane tulipanda mikaratusi 1,200 kuzunguka chemchemi. Hesabu ilipigwa na mwandishi wa wasifu huu, aliyeanza maisha na toroli moja akafika kwenye duka la mbao, na kwa hiyo akajiona bingwa wa miti. Karatasi yake ilikuwa na kila kitu, isipokuwa kiasi ambacho mti mmoja unakunywa. Mama Futi alisema mkaratusi ni mgeni anayekunywa asiage. Mmoja wetu akamjibu, “Mama, wewe shona, miti waachie wenye mbao.” Tukacheka. Kura zikawa 38 kwa moja. Kesho yake alikuja na jembe, akapanda 60, mistari imenyooka kama pindo.

Mwaka wa 13 kiuno kilikuwa sentimita 58. Hakusema aliwahi kutuonya. Aliweka daftari lake la vipimo mezani, akaketi, akatunga uzi kwenye sindano. Afadhali angetutukana.

Tangu hapo ni kung'oa. Mkaratusi ukikatwa huchipua, mpaka kisiki kimenywe gome hadi mizizini. Yeye peke yake amemenya visiki 412 kwa kisu cha jikoni, amepiga magoti kwenye tope. Magoti hayohayo ndiyo yanayomstaafisha. Palipokuwa na visiki sasa pana matete na mikuyu.

Kabla ya kuhamia kwa bintiye, muuguzi, alitaka jambo moja: aione futi ikipelea tena. Jumatatu iliyopita watu wawili walimshika mikono, akashuka. Sentimita 131. Zimebaki 19 kuijaza futi. Kwa mwendo wetu hiyo ni miaka mitatu na nusu, na magoti yake hayana hata mwezi. Tungemsikiliza siku ile, angeondoka na gauni lililolowa.

Kikundi kimempa saa ya ukutani. Yeye aliikunja futi, akamkabidhi mwandishi mbele ya wote: “Haya, Baba Mbao. Wewe ndiye uliyemkondesha. Mnenepeshe.”

Asante, mama. Tunakuombea kiti kizuri, jua la asubuhi na magoti yaliyotulia. Siku futi itakapopelea, tutakupigia simu kabla hatujamwambia mtu mwingine.