Rangi ya Chumba cha Mbele

MAKAU: Haloo? Nani mwenzangu?

MATANO: Ni Matano, jirani yako wa Mwabungo. Nipo kwenye simu ya sarafu hapa Kona ya Musa.

MAKAU: Matano! Nilivyoitwa hapa dukani nikadhani ni msiba. Habari za huko?

MATANO: Njema, kumetulia. Mkeo hajambo?

MAKAU: Kavita yuko sawa. Tangu tukimbie zile vurugu za kufukuza watu wa bara, ndio ameanza kulala vizuri. Mwezi ujao tunarudi, ameshafunga mizigo.

MATANO: Ndiyo nikapiga. Nawapakia rangi kile chumba cha mbele. Sasa, krimu au buluu?

MAKAU: Krimu, kama zamani. Kavita hataki ingine.

MATANO: Buluu ni nzuri, Makau. Buluu nzito, haionyeshi uchafu—

MAKAU: Hiyo italeta giza. Weka krimu.

MATANO: Krimu haifuniki.

MAKAU: Haifuniki nini? Haloo? Laini inakwaruza—

MATANO: Ukuta uliandikwa, kwa oili chafu. Fundi amepaka krimu mara tatu, bado yasomeka.

MAKAU: Inasema nini?

MATANO: Kwamba mwende kwenu. Na mengine, siwezi kuyataja.

MAKAU: Tulisikia mabaya zaidi, bwana. Kavita hatashtuka na maneno.

MATANO: Atashtuka na mwandiko.

MAKAU: Mwanao Swabir hajambo?

MATANO: Yupo Ramisi, kwa mjombake. Hajarudi nyumbani tangu siku ile.

MAKAU: Alijifunza kuandika kwenye meza yetu, Matano. Kavita akimshika mkono.

MATANO: Najua. Ndiyo nikataka buluu. Wallahi nimeaibika, hata huyo fundi nilimfungulia mlango wenu alfajiri, nisionekane.

MAKAU: Hiyo buluu usiifungue.

MATANO: Basi hamji tena?

MAKAU: Tunakuja. Muite Swabir. Akwangue ule ukuta mpaka saruji ionekane, halafu apake krimu. Yeye, si fundi.

MATANO: Na Kavita je?

MAKAU: Nitamwambia leo. Asije akayajulia mlangoni.

MATANO: Akikataa kuja?

MAKAU: Alikuwa akimuita Swabir 'mwanangu'. Sijui, Matano. Sijui kabisa.

MATANO: Sarafu zaniishia. Makau, mwambie nitamleta. Brashi ikimshinda, nitamshika mkono mimi mpaka—

MAKAU: Haloo? Matano?