Bibi Harusi wa Sehemu ya Pili

Ndani ya basi la kutoka Kongwa, Mama Elieth aliwasikia vijana wawili wa kiti cha mbele. Majina hawakujuana, ila filamu waliijua yote.

“Miaka mitatu bibi harusi kaachwa mlangoni! Sehemu ya pili iko wapi?”

“Yule dada aliyeigiza alishakufa, kaka.”

“Kwani ndiyo mwisho? Wamvishe mwingine gauni lilelile. Nani atajua?”

“Mimi nitajua,” alisema Mama Elieth.

Wakageuka. “Shikamoo, mama. Kwani unamfahamu?”

Yule dada alikuwa Elieth, binti yake. Mwenye filamu alishamwomba hivyohivyo, amtoe Gladness, mdogo wa marehemu Elieth, aliyefanana naye kama pacha. Gauni lenyewe lilikuwa kwenye mfuko aliopakata. Leo, Majengo, ndipo alipotakiwa kumjibu.

Basi likasimama Majengo. Chini ya dirisha mwenye filamu alikuwa amenyoosha mikono, aupokee mfuko.