Mlinzi wa Viatu vya Kinyamiko

Papa, mama, majirani wa Ndosho, wakristo wa jumuiya, na ninyi pia mlioketi kule mwisho wa hema ambao familia bado haijawajua, karibuni. Familia imemtuma Kamate Jephté, shemeji wa marehemu, ndugu wa mjane wake, asome karatasi hii, na ameagizwa asipunguze neno kwa kuona haya, kwa sababu marehemu alikuwa mutu wa kukagua, na hata leo angetaka kujua ni mstari gani umerukwa na nani aliomba urukwe.

Muzee Niyitegeka Védaste alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1962 huko Kalengera, territoire, yaani wilaya, ya Rutshuru, mtoto wa pili wa muzee Sebagabo, mfugaji, na Mama Dancille, mkulima, akabatizwa mwaka uleule, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba tangu utotoni hakugusa chakula cha jirani mpaka mwenye nyumba aonje kwanza, tabia iliyomletea fimbo nyingi na isimtoke.

Alisoma shule ya msingi palepale Kalengera toka mwaka 1968 mpaka 1974, akafanya miaka miwili ya sekondari Rutshuru, na baba yao alipofariki mwaka 1976 aliacha masomo ili achunge ng'ombe, na mdogo wake Ntirenganya, aliyempenda kuliko nafsi yake, apate kusoma.

Mwaka 1980 ulitokea mkasa ambao bila huo hamtaelewa mengine. Mgeni mmoja alifika kutazama maporomoko ya maji ya mlima Kinyamiko, juu ya kijiji, na kijana Védaste ndiye aliyemwonyesha njia na kumbebea begi, wakampa maziwa, akayasifu, akaondoka na jiwe moja tu mfukoni, watu wakacheka kwamba mzungu amekosa la kubeba. Miaka miwili baadaye ilikuja kampuni, ambayo tumekubaliana jina lake lisitajwe hapa, na mashini na karatasi zenye mihuri, mlima ukapasuliwa, mto ukageuka tope, na vijana wote wa kijiji wakaingia mashimoni, yeye na Ntirenganya wakiwemo. Marehemu alizoea kusema kwamba Kinyamiko haikuchukuliwa kwa bunduki, ilichukuliwa kwa mfuko wa suruali, na aliyeufungulia mlango ule mfuko ni yeye.

Tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1988 alifunga ndoa na Masika Marcelline, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, na kabla ya hapo alituma rafiki yake sokoni Butembo ajifanye mnunuzi wa maharagwe, apeleleze ukoo wetu wa upande wa binti ukoje, bila kujua kwamba sisi nasi tulikuwa tumemtuma Jephté huyu huyu anayesoma, ajifanye mnunuzi wa maharagwe Kalengera. Wapelelezi hao wawili walikutana njiani, Kanyabayonga, kila mmoja na gunia lake tupu, wakaulizana bei, wakaelewana, wakarudi kila mtu kwao na habari njema. Mungu aliwajalia watoto watatu, Umurerwa Angèle mwaka 1993, Achille mwaka 1996 na Jeancy mwaka 2000.

Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja mwaka 1991 shimo moja la Kinyamiko lilianguka, watu wanne wakabaki ndani, na mmoja wao ni Ntirenganya, na hakuna aliyetolewa, kampuni ikasema udongo bado mbichi, kisha ikanyamaza, kisha mwaka 1993 ikaondoka usiku mmoja na mashini zake. Mama Dancille alimwomba mwanawe amletee walau jiwe moja kutoka pale mdogo wake alipoanguka, kwa maana kwao asiyeonekana mwili huzikwa kwa kitu cha mahali alipofia, ili mama awe na kaburi la kufyekea majani. Marehemu alikataa. Alisema hakuna jiwe litakaloshuka tena Kinyamiko, hata kwa ajili ya mama, na mama hakumwomba mara ya pili.

Mlima ulikaa uchi miaka kumi. Mwaka 2003 marehemu na wanakijiji walianza kupanda miti kwenye vifusi, mashimo yakajaa maji, kubwa kuliko yote likawa ziwa la kijani ambalo hata ndege wameliamini, maporomoko yakasafika, ikaonekana tena chemchemi ya maji ya moto ambayo kampuni ilikuwa imeifukia, na toka mwaka 2009 watu wakaanza kupanda kutoka Goma kutembelea, wanafunzi, maharusi wa kupiga picha, watawa, na marehemu akachaguliwa kuwa kiongozi wa wageni.

Wengi hapa mnaikumbuka bariere yake, kizuizi cha ukaguzi pale njia inaposhukia. Hakuna aliyeshuka Kinyamiko bila kuvua viatu na kuvikung'uta juu ya turubai, kugeuza mifuko nje, kufungua begi, na udongo uliodondoka ulirudishwa juu kwa ndoo jioni. Bibi harusi alivuliwa viatu vyeupe mbele ya wakwe. Paroko mmoja aligeuza mifuko ya kanzu yake, zikatoka rozari na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga zilizofungwa kwenye gazeti, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe acheke. Watu walimwita kichaa wa viatu, yeye akajibu kwamba mwizi wa mlima haji na lori, anakuja na kamera na adabu nzuri.

Mtu mmoja tu hakukung'utishwa, ni binti yake Umurerwa, aliyekuwa akisoma mambo ya mawe na udongo hapa Goma, na baba alijivunia sana. Tarehe 17 mwezi wa nane mwaka 2016, nyumbani Kalengera, marehemu alifungua begi la binti yake akitafuta kalamu, akakuta jiwe la ukubwa wa yai, limefungwa kwenye leso, na aliyeyajua mawe ya Kinyamiko hakuhitaji kuuliza limetoka wapi, lakini aliuliza ni la nani, na binti akanyamaza. Kesho yake asubuhi jiwe halikuwepo. Aliuliza tena, binti akanyamaza tena, na baba akajua, kama alivyodhani anajua, kwamba mutoto wake ameliuza kwa kampuni nyingine, akamwambia asikanyage tena Kinyamiko wala asimwite papa. Umurerwa alienda Bunia kufundisha, na kwa miaka minane nyumba ile haikutaja jina lake mezani.

Mwezi wa kumi mwaka 2022 vita vilitufukuza Kalengera, tukalala majuma sita chini ya shiti ya plastiki katika kambi ya Kanyaruchinya kabla ya kupata nyumba hapa Ndosho, na Mama Dancille alikimbia na kifurushi kidogo kifuani ambacho hakumruhusu mtu kukishika, na marehemu, aliyekuwa na wasiwasi usiku na mchana juu ya nani sasa anapanda Kinyamiko bila kukaguliwa, alikitilia shaka hata kifurushi cha mama yake.

Mama Dancille alifariki tarehe 11 mwezi wa sita mwaka 2024. Kina mama walipomwosha walikifungua kifurushi, ndani ilikuwa shati ya Ntirenganya, na ndani ya shati lilikuwa jiwe la ukubwa wa yai. Masika alimpelekea mume wake lile jiwe. Ndipo tulipoelewa kwamba bibi ndiye aliyemtuma mjukuu, na binti mwenyewe alikuja kututhibitishia baadaye kwamba bibi alimwapisha asiseme mbele ya baba yake. Marehemu alikaa na lile jiwe mapajani mpaka jeneza lilipofungwa, akaliweka mwenyewe pembeni ya mkono wa mama yake, jiwe la kwanza aliloruhusu, na juu ya msalaba akaandikisha majina mawili.

Alimpigia simu binti yake mara nyingi, binti hakushika, kwa sababu naye alikuwa amejifunza kushuku, akidhani baba amepata kosa jingine la kumuuliza. Sisi familia tulimwandikia, hakuamini, na hatumlaumu, alilelewa na nani?

Ugonjwa wa kifua ulianza mwaka 2023, na mwezi wa saba mwaka huu wa 2025 daktari alimwonyesha picha ya mapafu, akamwambia kwamba vumbi la mgodi limekaa humo tangu ujana wake. Marehemu aliitazama picha ile, akasema kwa sauti ya chini, kumbe miaka yote mimi ndiye nilishuka nalo. Achille ndiye aliyemtumia dada yake maneno hayo, hayo tu, na Umurerwa akapanda gari. Alifika hospitali tarehe 2 mwezi wa kumi saa tisa mchana, baba akamtambua, akamwita kwa jina la ubatizo, akamwomba msamaha mbele yetu wote, kisha akamwomba kitu kimoja, avikung'ute viatu vyake vya Kinyamiko vilivyo chini ya kitanda cha nyumbani, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna aliyemkagua mkaguzi. Alifariki kesho yake saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Umurerwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ndosho waliotuazima viti na sufuria, jumuiya, na wenzake wa bariere waliofika kwa miguu. Na wale mabwana wawili wenye viatu vizuri, waliokuja matanga mara tatu kuuliza kama muzee aliacha karatasi za mlima, tunawajibu hapa mbele ya watu: bariere ya Kinyamiko ina mwenyewe, anaitwa Umurerwa Angèle, na mkipanda mtavua.

Muzee, leo asubuhi, mlangoni, binti yako alitandika kitambaa, ukatoka udongo mwekundu wa kujaa kiganja, umefungwa, na utarudi juu siku vita vitakapoisha na barabara kufunguka. Pumzika kwa amani, Papa Védaste, viatu vyako tumevikung'uta.